Habari ya Kulazwa kwa Sitti, Morris ya Troyeville

Sogeeni, enyi wakazi wa Troyeville, nanyi wa Yeoville mnaosukana nywele vibarazani, nanyi wa Diepsloot mlio mbali nyuma ya madirisha ya maduka yenu. Punguzeni redio, epueni sufuria motoni isije ikaungua mkailaumu hadithi. Maana yanayosimuliwa hapa hayakuandikwa na katibu wa mfalme yeyote wala hayakuchongwa juu ya jiwe, ingawa yalistahili. Ni habari ya Ameir bin Shehe, mshona viti vya magari, mzaliwa wa Makunduchi, mwenye mikono mipana na maneno mengi, aliyepigana na majira ya baridi ya Johannesburg ya mwaka wa elfu mbili na kumi na moja tangu asubuhi hadi alasiri. Na ni habari ya mkewe, Mayasa, ambaye siku hiyohiyo alikuwa na vita vyake, navyo vilikuwa vikali zaidi, ijapokuwa silaha aliyohitaji ilikuwa sentensi moja tu.

Kila alfajiri, baada ya sala na kabla ya chai, Ameir alitoka uani na kitambaa kikavu mkononi kwenda kumwamkia Sitti. Na Sitti alikuwa nani? Alikuwa Morris ya zamani, rangi ya samli, yenye taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyesikia umbea mzuri. Ameir alimwokota katika uwanja wa vyuma chakavu, kuku wakiwa wametaga kwenye kiti cha nyuma, akamshonea viti vipya kwa mkono wake mwenyewe mpaka akawa gari la kuombwa katika harusi za watu wa Burundi, wa Kongo na wa Tanga bila ubaguzi. Alimfuta jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha kioo, akasema, "Sabalkheri, Sitti." Na Mayasa, akimimina chai jikoni, alijua kwa mlio wa kitambaa kile mumewe amefika wapi.

Jumamosi ile, mwishoni mwa Mei, kitambaa hakikulia. Badala yake ulisikika ukelele.

"Mayasa! Mayasa wee! Njoo uone, adui amekwisha kuingia!"

Mayasa akatoka, mkono mmoja kiunoni, kwa kuwa mimba yake ilikuwa ya miezi saba na haikupenda haraka. Akaona. Juu ya kioo cha Sitti, juu ya boneti, juu ya mabega yake ya samli, ilikuwa imetandazwa jalidi, umande ulioganda, nyeupe kana kwamba mtu amekuna nazi usiku kucha akasahau kuikusanya.

Ili jambo hili lieleweke, lazima aibu ya mwaka uliotangulia itajwe, ingawa kwa sauti ya chini. Ameir, mtoto wa pwani, hakuwa amepata kuona maji yakigeuka jiwe ila ndani ya friji. Usiku mmoja wa Julai alimwacha Sitti nje na rejeta iliyojaa. Maji yakaganda, yakatanuka, na asubuhi rejeta ikapasuka kama tungule lililoiva. Ameir alilia machozi hadharani. Akaapa kwamba mwaka utakaofuata, siku jalidi ya kwanza itakapoonekana, Sitti atalazwa gerejini, akaushwe maji, anyanyuliwe juu ya matofali, afunikwe, asiguswe hadi Septemba.

Na hapo ndipo palipokuwa na dhiki ya Mayasa. Kwao, mwanamke mwenye mimba ya kwanza huenda kujifungulia kwa mamake. Mamake alikuwa Makunduchi. Mayasa alikuwa Johannesburg. Na mtoto alitarajiwa Julai, katikati ya baridi, saa ambayo yeye mwenyewe ataichagua. Kila Mayasa alipoifikiria saa hiyo, hakuona ambulensi wala teksi ya mtu asiyemjua. Alijiona ndani ya Sitti, Ameir kwenye usukani, roboti zote, ndizo taa za barabarani, zikiwaka nyekundu na Ameir akizitukana moja moja. Picha hiyo ndiyo iliyompa usingizi. Alichotakiwa kusema ni hiki: usimlaze Sitti mwaka huu. Lakini Mayasa alikuwa mtu wa kukiomba radhi hata kiti alichojigonga nacho.

"Ameir," alianza.

"Naam, mke wangu!"

Sentensi ikapanda hadi kooni, ikaona mwanga, ikaogopa.

"Chai itapoa."

Ndivyo lilivyoshindwa shambulio la kwanza.

Kufika saa tatu jeshi lilikuwa limekusanyika. Alikuja Gaudence, mjane wa Gitega kule Burundi, mshonaji wa magauni, jirani na mwenye gereji ile ya mabati iliyo nyuma ya nyumba, mwanamke ambaye kicheko chake kiliwahi kumwamsha mlinzi wa mtaa wa pili. Alikuja na ndugu yake Égide, mrefu, mpole, mwenye vuvuzela ya manjano iliyobaki tangu Kombe la Dunia, akiibeba begani kama mkuki. Ameir akapanda juu ya kreti ya soda akahutubu.

"Enyi majirani! Kuna watu watakaouliza, mbona gari dogo lafanyiwa makuu? Waambieni hawakuwapo mwaka jana! Waambieni hawakuisikia rejeta ikipasuka! Leo hii hatulazi gari. Tunalaza heshima!"

"Amina," alisema Gaudence. "Sasa shuka, sha, utavunja kreti yangu."

Égide akapuliza vuvuzela. Mbwa watatu wakajibu, na vita vikaanza.

Sitti akaingizwa gerejini kwa nguvu zake mwenyewe, akinguruma kwa huzuni ya kifalme. Jeki ikaletwa, gurudumu moja baada ya jingine likaachana na ardhi, na matofali yakapokea uzito ule kama watumishi wapokeavyo mzigo wa bibi harusi. Bomba la moshi likazibwa kwa tambara ili panya wasije wakalifanya msikiti wao. Kisha Ameir akalala chali chini ya rejeta, akafungua kizibo, na maji yakamwagika; sehemu kubwa ikaingia kwenye beseni, na iliyobaki ikaingia kwenye mkono wa shati lake mpaka kwapani.

"Yuko hai?" aliuliza Gaudence.

"Shujaa hujeruhiwa!" alijibu Ameir kutoka chini.

Baada ya hapo ikaja kazi ya betri. Ameir alikuwa amesikia kwamba betri ikiachwa kwenye baridi hufa kimyakimya, basi aliifungua nyaya zake kwa spana, akaizungushia blanketi la Kisotho, na kwa hofu ya asidi akaibeba kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, hatua fupifupi, akiitazama usoni kana kwamba betri ina uso. Alipofika mlangoni mwa chumba chao cha kulala akamwambia Mayasa kwa mnong'ono, "Fungua polepole, isitikisike."

Mayasa akafungua. Akamwona anavyoinama, anavyoilaza chini ya kitanda upande wake yeye Ameir, anavyoirudishia pembe ya blanketi. Moyo wake ukalainika kama mkate ndani ya chai. Mtu anayejua kubeba hivi, alijiambia, ataelewa. Sema sasa.

"Ameir, mwezi wa Julai..."

"Julai!" alisema Ameir akisimama wima, macho yakiwaka. "Umetaja jina la adui mwenyewe! Julai atakuja, mke wangu, na hatamkuta mtu!" Naye akatoka mbio kurudi vitani.

Mayasa akabaki na betri. Akaiomba radhi kwa kuisumbua, akafunga mlango.

Ilibaki kazi moja, nayo ilikuwa yake. Karafuu alikwisha kuzimwaga chini ya viti ili kuwakirihisha panya. Sasa alitakiwa kumfukiza Sitti udi, kama zinavyofukizwa nguo njema kabla ya kuwekwa sandukuni, ili kitambaa cha viti kisishike uvundo kwa miezi yote ile. Gereji ilikuwa wazi, jua limeingia. Mayasa akatia makaa kwenye chetezo, akatia udi, akakiweka chetezo juu ya sinia sakafuni mwa gari, akafunga milango minne. Moshi ukajaa. Ukapanda viooni mweupe, mzito, ukatafuta nyufa, ukaanza kutoka kwenye maungio ya milango kwa nyuzi ndefu zenye fahari.

Ng'ambo ya ua, Gogo, bibi Mzulu wa nyumba ya jirani, alikuwa akifua mablanketi. Akainua macho.

"Hawu! Umlilo! Moto! Gari linaungua na watu wanaliangalia!"

Kwa umri wake hakutarajiwa kuwa na mbio zile. Akapita kwenye uwazi wa ua na ndoo ya maji ya sabuni, sketi ameikunja, kama jemadari aliyezaliwa kwa saa hiyo moja.

"Ni udi tu, Gogo," alisema Mayasa. Alisema kweli, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na sindano. Hakuna aliyesikia. "Ni udi tu," alirudia. Ndoo ilikuwa inakuja. "Ni manukato..."

Gogo akavuta mlango wa Sitti ukafunguka, moshi ukamlaki, ndoo ikapanda juu. Na hapo Ameir, alipoviona viti vyake, kazi ya vidole vyake, vikikabiliwa na mafuriko, alifanya lile ambalo watu wa mtaa ule bado wanalionyesha kwa mikono: alijitupa mbele ya mlango, akatanua mikono, akapaza sauti, "Nimwagie mimi!"

Akamwagiwa yeye. Yote. Povu likamkaa kichwani kama kilemba.

Gogo akanusa mara moja, akanusa mara ya pili.

"Eish," alisema. "Linanuka kama harusi." Kisha, baada ya kuwaza, akiwa bado ameshika ndoo tupu, "Mtanifukizia na sare yangu ya kanisani?"

Gaudence alicheka hadi akashika ukuta. Égide akajaribu kupuliza vuvuzela, kicheko kikaingia ndani yake kikatoka mlio wa mbuzi. Mayasa akavua khanga begani akamfuta mumewe nywele, masikio, shingo. Meno ya Ameir yalikuwa yakigongana kwa baridi. Na alipokuwa anamfuta, jambo moja likampata, zito kuliko ndoo. Mtu huyu amelowa kwa sababu ya neno langu. Nilikuwa nalo, lilikuwa la kweli, lilikuwa fupi, nami nikalitamka kana kwamba nimeliiba.

"Ameir, sikiliza..."

"Najua," alisema Ameir akitetemeka kwa fahari. "Unaniona shujaa. Usiseme, nitaona haya."

Basi milango ya Sitti ikafungwa. Shuka jeupe likashushwa juu yake, likafunika taa, boneti, mabega. Mlango wa mabati ukavutwa, ukalia kwa uchungu, kufuli ikalia *ka*. Jua la alasiri lilikuwa limesimama juu ya ukuta. Ameir, shati la kukopa la Égide likimfika magotini, akapanda tena juu ya kreti.

"Imekwisha! Andikeni, enyi wenye kalamu! Mwaka huu jalidi itatembea mtaa mzima ikigonga milango, ikiuliza, yuko wapi Sitti wa Ameir? Nayo haitajibiwa! Leo kazi imetimia bila kasoro, wala hakuna kati yetu aliyebakiwa na neno. Nani amebakiwa na neno?"

Hilo halikuwa swali. Kila mwenye kusikia hotuba alijua kwamba halikuwa swali.

"Mimi," alisema Mayasa.

Alilisema kwa sauti iliyovuka ua. Gogo, aliyekwisha kurudi kwenye mablanketi yake, akageuka. Vuvuzela ikashuka begani kwa Égide. Mbwa wakanyamaza kwa heshima.

"Usimlaze Sitti mwaka huu, Ameir. Mtoto atakuja Julai."

Ameir akageuka juu ya kreti. Akaitazama kufuli. Akaitazama gereji. "Lakini baridi," alisema kwa unyonge. "Na rejeta je? Na maji?"

Égide akakohoa. "Kaka, ipo dawa ya kutia kwenye rejeta maji yasigande. Ile ya kijani. Inauzwa pale kwenye duka la spea, karibu na roboti."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, nadhani."

"Na wewe ulijua? Tangu asubuhi? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unahutubu," alisema Égide kwa upole. "Halafu nikaona kama unaipenda hii sherehe."

"Mon Dieu!" Gaudence alipiga makofi, akakaa chini palepale kwenye matofali yaliyobaki, akafuta machozi kwa upindo wa gauni. "Siku nzima! Matofali yangu, beseni yangu, mgongo wangu!"

Ameir akashuka kwenye kreti taratibu, kama mfalme ashukavyo kitini kwa hiari yake. Akamwendea mkewe.

"Na wewe, Mayasa? Mbona hukuniambia? Sitti angelala, nawe ungenyamaza hadi Julai?"

Sasa nyamazeni, enyi wasikilizaji, hata wale wenye kikohozi. Ngome zimewahi kutekwa, na milima imewahi kuvukwa, na waliofanya hivyo walikuwa na farasi na panga na watu wa kuwasukuma nyuma. Mwanamke huyu hakuwa na chochote ila khanga iliyolowa na majirani waliomkodolea macho. Na Troyeville ishuhudie, na vizazi vikumbuke, kwamba hakurudi nyuma, wala hakutaja chai.

"Gari lolote litanifikisha," alisema Mayasa, sauti ikitetemeka lakini ikiendelea mbele. "Teksi itanifikisha, na ambulensi itanifikisha. Shida yangu si gari, Ameir. Mama yangu yuko mbali, na mimi naogopa, na nikiogopa huwa sisemi. Siku hiyo nataka nikigeuza uso nikuone wewe."