Kila Hofu na Mfuko Wake

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwisha. Baba wa mchumba wangu kaniita kwake na kusema kwamba kabla hajatoa jibu la posa, Jumamosi tutapanda mlima pamoja. Kupanda asubuhi, kushuka alasiri. Mzee huyu alikuwa mpima ardhi miaka thelathini, na anaamini mtu hajulikani mpaka utembee naye porini. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama huko kuna nyoka. Akasema wapo, ila wana adabu. Nikacheka.

Mchumba kaninong'oneza mlangoni kwamba mposaji aliyenitangulia alishuka peke yake kabla ya saa nne, na hadi leo akimwona Mzee sokoni hubadili njia.

Jumanne, 5 Agosti

Naogopa mlima, na naogopa zaidi kumkosa binti wa watu. Mwingine kama yeye sitampata, najijua.

Lakini mimi ni karani wa masjala. Kitu kikishakuwa na jalada lake, hakinitishi tena. Leo kazini nimeorodhesha hofu zangu zote: nyoka, nyuki, kiu, njaa, mvua, baridi, jua, kupotea, kuanguka, kuharisha, na Mzee mwenyewe. Kumi na moja. Shanta nililoazima kwa kaka ni begi la mgongoni lenye mdomo mmoja tu. Ukitumbukiza kitu, buriani. Hapo akili ikafunguka. Nitalibandika mifuko ya nje! Kila hofu na mfuko wake, kila mfuko na namba yake. Mzee akitaka filimbi, ninayo mkononi kabla hajafunga mdomo. Ataona mwanamume aliyejipanga.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa fundi cherehani. Kasema miwili inatosha: mdogo kwenye mkanda wa bega kwa ajili ya simu, mwingine kwenye mkanda wa kiunoni kwa vitu vya haraka. Vizito vikae ndani, karibu na mgongo. Nisibandike kitu cha kuchomoza ubavuni, na nijaribu kutembea nalo likiwa limejaa. Nikamwambia kumi na moja. Akauliza kama nahama nyumba.

Ameshona. Mlangoni kwangu napita kwa ubavu kama kaa. Ila nimelala kitandani nikiliangalia, na kwa mara ya kwanza wiki hii moyo umetulia kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Shemeji kapita. Huyu ni kaka wa mchumba, wanamwita Mbuzi kwa jinsi anavyopanda miamba. Naye atakuja. Atabeba chupa ya maji na mkate, basi. Kalizunguka shanta langu mara mbili, kisha akauliza mifuko hiyo nauza kwa jumla au rejareja.

Kaniumiza, lakini kanizindua. Mifuko inang'aa upya! Mzee atajua mara moja kwamba sijawahi kupanda hata ngazi. Nimeipeleka uani, nimeisugua kwa udongo na mchanga laini, nimeitwanga kwa jiwe. Sasa imechakaa vizuri. Akiuliza, nitasema imepanda nami milima mitatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeandika faharasa ya mifuko, kwa mwandiko wangu bora. Nimeiweka kwenye mfuko namba nane, wa kupotea, ili isipotee.

Mama kaja kuniaga kana kwamba navuka bahari. Akauliza kwa nini naenda kama naogopa hivi. Nikamwambia kwa sababu ya yule binti. Kisha akasema basi nivae soksi mbili mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi, na lazima niandike.

Mwanzo shanta lilinivuta nyuma. Kila hatua mbili mbele, lilinirudisha moja. Mzee akauliza mifuko hii imetoka wapi. Nikamsimulia milima mitatu. Akataka majina. Nikataja mmoja wa kaskazini. Akasema eneo lile alilipima mwenyewe na ni tambarare kama meza. Mbuzi akakohoa kwa muda mrefu.

Kwenye njia nyembamba, mifuko ya ubavuni ikagonga mwamba na kunisukuma upande wa korongo. Niliona chini. Sitaki kuandika nilichoona. Mzee alinidaka mkanda wa suruali na kunirudisha njiani.

Tulifika kileleni, nadhani. Nilikuwa nimefumba macho.

Wakati wa kushuka, Mzee akateleza. Kifundo cha mguu kikapinda, na goti likachanika, damu. Nikasema waniachie mimi, bandeji ninayo. Kweli ninayo. Lakini hofu ilikuwa imefuta namba zote kichwani. Faharasa! Namba nane. Zipu ya namba nane ikagoma. Ya tisa ikagoma. Mchanga! Zote zimeshiba mchanga wangu mwenyewe. Nilivuta kwa vidole, nikavuta kwa meno. Mzee kakaa juu ya jiwe ananitazama.

Mmoja tu ulifunguka, namba kumi na moja, wa Mzee mwenyewe. Ndani: shati safi, na karatasi ya mambo ya kusema Mzee akikasirika. Mbuzi akachana shati akafunga jeraha. Mzee akaisoma karatasi kwa sauti. La kwanza lilikuwa kukubali kosa hata kama silijui. La pili, kumsifia viatu. Hakucheka. Aliikunja na kuitia mfukoni mwake.

Hakuweza kukanyaga. Mbuzi akabeba shanta, mimi nikambeba Mzee mgongoni. Nilitetemeka njia nzima, nikapiga kelele mara mbili kwa sababu ya mjusi, lakini sikumwangusha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeitwa. Nilikaa ukingoni mwa kiti, jasho hadi kwenye soksi. Mzee, mguu juu ya mto, kasema mimi ni muongo nisiyejua kudanganya, na hajaona mtu mzima mwoga kama mimi. Nikainuka niende zangu. Akasema sijaruhusiwa kuinuka. Kasema pia kwamba jana alinisikia nikilia njiani, na bado sikumtua.

Jibu lake: mguu ukipona, tutapanda tena. Safari hii nibebe shanta lenye mfuko mmoja tu wa nje. Nikiweza kutembea hivyo, binti ni wangu.

Mchumba kanisindikiza getini na kusema yule wa kwanza hakuitwa mara ya pili. Kanishika mkono. Kasema nisiharibu.

Jumanne, 12 Agosti

Sitaharibu. Leo nimerudi kwa fundi na kumwambia mmoja, si zaidi. Alifurahi, akanipa mkono. Kisha nikampa mchoro na vipimo.

Mfuko unaanzia shingoni na kuishia mapajani. Ndani una vyumba kumi na vinne, maana nimeongeza hofu tatu: uzito wa Mzee, mjusi, na kubeba mfuko mmoja tu. Fundi akauliza kama Mzee ameuona mchoro. Nikamwambia Mzee alitaja idadi, hakutaja ukubwa. Ni mpima ardhi, kuhesabu anajua. Ahesabu mwenyewe.