Ombi la Kufutwa kwa Ukurasa wa "Anzia Hapa"

Ndugu Msimamizi wa Mradi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye subira, maana subira utaihitaji. Mimi si mtu wa majungu, ofisi nzima inajua. Lakini maji yamenifika shingoni, na aliyefungua bomba ni yule dada mgeni tuliyempa jina la Bi Maswali.

Kama ujuavyo, programu yetu ya kuazimisha vitabu vya maktaba tunaijenga wengi, ila namna ya kuiweka kwenye kompyuta mpaka ikubali kuwaka ilikuwa kichwani mwangu peke yangu. Kila mgeni aliletwa mezani kwangu, nami nikamwelekeza kwa mdomo, kidogo kidogo, kama ilivyo desturi yetu. Bi Maswali aliuliza kila kitu na kuandika. Nilidhani ni adabu, kumbe alikuwa anavuna shamba langu. Jumatatu akabandika mtandaoni ukurasa uitwao "Anzia Hapa", wazi kwa kila mtu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa unaeleweka. Sijui nani alimruhusu. Mwongozo wa heshima humwacha msomaji na kiu kidogo. Huu unamshika mkono, hata unamwambia programu ikigoma mara ya kwanza aiwashe tena, asiogope. Ndugu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa naitwa, nakunja mikono ya shati, nawaomba wote wasogee, kisha naiwasha tena. Watu walipiga makofi.

2. Waajiriwa wapya walifika asubuhi, wakasoma, na chai ilipoletwa walikuwa wameshaanza kazi. Mezani kwangu walipita wakaniamkia tu.

3. Mama mkwe, ambaye kompyuta huitumia kutazama picha za wajukuu, aliusoma ukurasa huo nyumbani kwangu, akaiweka programu, ikawaka. Akavua miwani, akaniuliza taratibu: "Baba, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?" Mke wangu alikimbilia jikoni kucheka. Tangu siku hiyo natumwa sokoni kama mtu asiye na shughuli.

4. Nimeumia. Hili silipambi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji kaugua.

Kwa hiyo naomba ukurasa ufutwe. Ikishindikana, ziondolewe hatua mbili za katikati. Ikishindikana tena, hatua zibaki ila zipangwe kinyume, na chini iandikwe kwamba aliyekwama amwone Fundi Mkuu, meza ya dirishani. Tena kila mfanyakazi alazimike kuniuliza swali moja kabla ya chakula cha mchana, hata kama jibu analijua.

Nisalimie mhasibu, dada wa mapokezi, na mlinzi wa getini, ambaye bado huniuliza saa.

Wako mtiifu, ingawa kwa shingo upande,
Fundi Mkuu

N.B. Jana kompyuta yangu ilikufa, nikapewa mpya. Nikaanza kuiweka programu kwa kichwa, ikagoma. Kuna hatua nilikuwa nimeisahau. Nikatazama huku na huku nipate wa kumuuliza, kumbe wa kuulizwa ndiye mimi. Nikaufungua ule ukurasa kwenye simu, chini ya meza. Programu ikawaka. Ila niliona ameruka jambo moja kuhusu nywila, nikaliongeza mwenyewe, mistari miwili. Leo Bi Maswali kaiona, kaja kuniuliza kwa nini iko hivyo. Swali zuri namna hiyo sijaulizwa miaka. Tafadhali usifute kitu kwanza. Tunaandika ukurasa wa pili, na bado anauliza.