Maombi ya Kuharibiwa Tena kwa Simu Yangu ya Mezani

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SIMU YANGU KUFANYA KAZI VIZURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wote mnaokaa nao huko ofisini. Mimi mwili ni mzima, ila roho haijatulia tangu Jumanne ya wiki mbili zilizopita, na waliosababisha ni ninyi.

Mimi ni mteja wenu kwa mwaka wa ishirini na nane sasa. Kazi yangu ni ushonaji, na ninashona suruali peke yake, ndiyo maana mtaa mzima wananiita Fundi Suruali. Si mtu wa kulalamika ovyo. Ni kweli nimewahi kuwaandikia barua kumi na nne kuhusu laini yangu kukatika katikati ya mazungumzo, lakini hizo naomba mzichane, kwa sababu ninayoona aibu kuieleza, ila nitaieleza.

Mtakumbuka mlitutangazia kwamba laini za waya zinafungwa, na kwamba kila mwenye simu ya mezani atapewa adapta, kile kiboksi cheusi kinachoiunganisha simu na intaneti. Sikupinga. Nilikuja mwenyewe hadi kaunta yenu, nikapanga foleni, nikasaini, nikakibeba kiboksi changu kwapani kama mtu aliyenunua viatu vipya. Laiti ningejua! Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Simu inafanya kazi.

Naomba usicheke. Simu yangu ya zamani ilikuwa mbovu kwa uaminifu mkubwa. Ilikoroma, ilipiga miluzi, na ikijisikia ilikata. Tulikuwa tumeuzoea ubovu ule na kuupangia matumizi. Shangazi yangu, kwa mfano, hupiga kila Jumapili kutoa taarifa ya meno yake. Zamani nilisikia jino moja, mengine yote yanamezwa na mkoromo, nami naitikia pole shangazi, pole sana, huku napiga pindo. Sasa namsikia kana kwamba tumekaa kiti kimoja. Jumapili ya kwanza baada ya adapta tulianza na magego ya chini kulia tukazunguka kinywa kizima. Na balaa zaidi, yeye pia ananisikia mimi. Alisikia cherehani inazunguka, akaniuliza kama namsikiliza au nashona.

2. Kiboksi chenyewe kina maringo.

Simu ya zamani uliichomeka ukutani, basi, yamekwisha. Hii ina masharti. Siku ya kwanza niliifunga mwenyewe kwa kufuata karatasi ya maelekezo, ile yenye picha ya mwanamume anayetabasamu. Waya wa simu nikauchomeka ukutani nilikozoea, kiboksi nikakichomeka kwenye umeme, nikanyanyua mkonga: kimya. Nikabadilisha waya: kimya. Nikatabasamu kama yule wa kwenye picha: kimya vilevile. Mke wangu ndiye aliyegeuza karatasi akasoma upande wa pili, akagundua kwamba simu huchomekwa kwenye adapta, na adapta kwenye ruta ya intaneti. Na ruta yetu iko kwenye chumba changu cha kushonea, juu ya kabati la vitambaa. Kwa hiyo simu iliyokaa korido miaka yote hiyo, juu ya kimeza chake na kitambaa chake cha kufuma, ikahamia kwenye meza yangu ya kukatia, shubiri moja kutoka kwenye cherehani. Nikiinua macho, hiyo hapo. Na hata hivyo, kati ya taa zake tatu, mbili ziliwaka kijani na ya tatu ikakaa nyekundu. Ndipo tukamwita fundi wenu.

3. Mlimtuma fundi mwenye macho.

Mimi niliomba mtu wa kuwasha taa ya tatu. Mkaniletea mama mmoja wa makamo, ovaroli safi, mkoba wa vifaa umepangika. Taa aliiwasha kwa dakika tano tu: alichomoa, akasubiri, akachomeka. Angeishia hapo tungeagana vizuri. Lakini mke wangu akamwambia anataka simu irudi korido, maana chumba changu kimejaa makapi ya nyuzi. Fundi akasema inawezekana, tutaipitisha kwenye waya ule ule wa zamani, ila ngoja kwanza niupime kama ni mzima.

Ndugu Meneja, nani alimwambia aupime?

Alifunga kwenye waya chombo chake kinachotoa mlio, akaufuata waya kwa mkono, pole pole, hadi kwenye mlango wa stoo. Akapiga magoti. Akatoa tochi. Akasema, mzee wangu, waya wako unapita chini ya fremu ya mlango, tena umemenyeka. Mlango ukifungwa kwa nguvu unabanwa, laini inakata, na ukifunguliwa laini inarudi. Akaubamiza mlango: kimya. Akafungua: mlio. Akarudia mara tatu. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, naye akajaribu mara mbili. Wateja wawili waliokuja kupima suruali, mmoja bado ana pini kiunoni, nao wakaomba zamu. Nyumba nzima ilikuwa inafunga na kufungua mlango wa stoo na kushangilia, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha korido.

4. Hapa itanibidi nikueleze habari za mdogo wangu.

Tulikuwa tukishona suti pamoja: yeye koti, mimi suruali. Baba alitufundisha hivyo makusudi, kila mmoja nusu, ili tusije tukaachana. Wateja walimwita yeye Makoti. Miaka kumi na moja iliyopita alisafiri kupeleka suti ya bwana harusi mji mwingine, akanipigia kutoka huko akiwa amefura. Suruali ilikuwa imekolea rangi kuliko koti. Ndani ya ukumbi hakuna aliyegundua, ila walipotoka nje kupiga picha, juani, bwana harusi alionekana kama watu wawili walioungwa kiunoni. Akaniuliza nilikata kwenye jora gani la kitambaa. Nikamjibu kwa sauti ya juu, naye akanijibu kwa sauti ya juu zaidi. Halafu akasema, "Kaka, wewe ni mtu..." na simu ikafa.

Nikasema, haya, amenikatia. Amenikatia mimi, kaka yake, niliyemfundisha kutia uzi kwenye tundu la sindano! Nikala kiapo mbele ya mke wangu na mbele ya cherehani: aliyekata ndiye atakayepiga kwanza. Yeye naye hakupiga. Mwezi ukaisha, akatuma gari kuja kuchukua cherehani yake. Tangu hapo yeye anashona makoti huko, mimi suruali hapa, na mtu akitaka suti lazima apande basi.

5. Fundi wenu ameninyang'anya kinyongo changu.

Maana nakumbuka vizuri nilichofanya dakika ile. Aliposema wewe ni mtu, niliupiga teke mlango wa stoo, tena kwa kisigino, ili kishindo kimfikie ajue nimekasirika. Kumbe kishindo hakikufika. Yeye alisikia simu imekatwa. Kwa hiyo miaka kumi na moja yuko kule anasema kaka kanikatia, nami niko huku nasema mdogo wangu kanikatia, na aliyekata ni kisigino changu.

Hebu jiweke mahali pangu. Kinyongo kile nilikitunza vizuri. Sentensi yake nilikuwa naimalizia mwenyewe kila asubuhi: mtu hovyo, mtu wa roho mbaya, mtu asiyejua rangi. Nilikuwa nashona kwa hasira, na hasira hunyoosha mshono, muulize mteja wangu yeyote. Tangu siku ile ya fundi nimeshona suruali moja mguu wa kulia ukatoka mrefu kuliko wa kushoto, na mwenyewe alipokuja kuichukua nikamwambia ndio mtindo.

6. Mmewapa silaha watu wa nyumbani kwangu.

Mke wangu kila akipita korido anafungua mlango wa stoo, anaufunga taratibu, kisha ananitazama. Shangazi naye habari zimemfikia, sijui kwa mdomo wa nani, ingawa mtuhumiwa nalala naye kitanda kimoja. Jumapili ya pili aliyamaliza meno mapema ili apate nafasi ya kuniambia kwamba mimi ni mkaidi kama baba yangu. Zamani neno mkaidi lingemezwa na mkoromo. Nililisikia lote. Na alipojua nimelisikia, akalirudia.

7. Sasa tazama mlikonifikisha.

Kwa kiapo changu mwenyewe, aliyekata ndiye wa kupiga, na aliyekata ni mimi. Simu ni nzima. Waya wa korido haukufaa, kwa hiyo bado iko mezani kwangu, shubiri moja kutoka mkononi mwangu. Taa zote tatu ni za kijani. Namba ya karakana ya mdogo wangu alinitajia shangazi miaka mingi iliyopita. Nilikataa kuiandika, lakini nikaikariri. Yaani sina kisingizio hata kimoja cha kushika. Kampuni yenu imenifikisha mahali ambapo inanibidi nimpigie mdogo wangu nimwombe radhi, na kwenye mkataba niliosaini pale kaunta hakuna kifungu kama hicho. Nimeusoma mara mbili, kwa miwani.

Na je, akipokea halafu akasikia ni mimi, akakata? Safari hii hakuna mlango wa kusingizia. Itakuwa amekata kweli. Hilo ndilo linaloninyima raha, Ndugu Meneja. Naogopa. Nisingemwambia mtu, ila ninyi nawaambia kwa kuwa hatujuani.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mojawapo ya haya:

(a) Adapta iondolewe, nirudishiwe mkoromo na miluzi yangu, na waya ukae pale pale chini ya mlango kama ulivyokuwa.

(b) Ama fundi wenu aandike barua yenye mhuri, athibitishe kwamba siku ile, miaka kumi na moja iliyopita, mlango wa stoo ulikuwa wazi kutwa nzima.

(c) Ama, hayo yakishindikana, kampuni yenyewe impigie mdogo wangu. Mwambieni mliokata laini ni ninyi, mnaomba radhi, na kwamba kaka yake hana kosa lolote ila anamsalimia. Mkishamaliza mumsikilize atasema nini, mniandikie.

Nategemea majibu yenu kabla sijaharibu suruali nyingine. Nisalimie wote: dada wa kaunta mwenye kalamu iliyofungwa kamba, mlinzi wa mlangoni, na wahasibu wenu hata kama hawanijui. Fundi wenu msalimie pia. Mwambie simlaumu, lakini angekuwa na macho mabovu kidogo ningempenda zaidi.

Ni mimi mteja wenu wa siku nyingi,

Fundi Suruali

Nyongeza:

Naomba barua hii msiifanyie kazi. Adapta ibaki. Kama mnayo nyingine, mpelekeeni Makoti, laini yake inakoroma. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa nimekwisha kuiandika na mwandiko umekaa vizuri.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa natafuta bahasha. Nikaona si haki kuishtaki simu bila kuhakikisha kama bado inafanya kazi, nikanyanyua mkonga. Mlio upo. Na mlio ukiwepo ni lazima mtu abonyeze namba yoyote, na iliyonijia vidoleni ikawa yake. Akapokea. Nikasema, ni Suruali hapa. Nilimsikia akiweka mkasi mezani, hata katikati ya mkoromo wa laini yake, hivyo ndivyo simu yenu inavyosikika. Nikamweleza habari za mlango na za kisigino changu. Nikamwambia na la jora pia, kwamba kitambaa kiliniishia nikanunua kingine cha kufanana bila kumwambia. Akasema hilo alilijua siku ile ile. Nikamuuliza, sasa uliposema mimi ni mtu, ulitaka kusema mtu gani? Akaanza kucheka, kicheko chake kile kile cha puani. Akasema, "Kaka, wewe ni mtu..." na simu ikafa.

Mama yangu wee! Nikageuka. Taa zote tatu zimezimika. Mke wangu amesimama na pasi mkono mmoja, plagi ya kiboksi chenu mkono wa pili, anashangaa nimetoa macho ya nini. Tukachomeka. Tukasubiri taa ziwake, na sijapata kuona taa zinazochelewa vile. Nikapiga: inatumika. Nikapiga tena: inatumika. Mara ya sita nikasema basi, ameuweka mkonga pembeni makusudi, mimi namjua. Mke wangu akaninyang'anya mkonga, akaurudisha mahali pake, akaniambia, mume wangu, kaa chini, weka mikono mapajani, usiguse kitu.

Nikakaa. Simu ikaita hapo hapo. Alikuwa yeye, anafoka: robo saa nzima nakupigia, simu yako inatumika tu, kwani unaongea na nani?

Nikamwambia, na wewe, mjinga wewe, na wewe.