Kibaraza cha Orrin Haddix

Gazeti la mji wa Corliss hutoka Alhamisi, na Alhamisi hiyo Dekani alilifungua mezani kwenye mgahawa wa Lunde, akasafisha koo, akaanza kusoma kwa sauti ile ile anayotangazia michango kanisani.

"'Halmashauri ya mji itapiga kura leo saa nne asubuhi kuichukua nyumba namba tisa, Barabara ya Elm, alipozaliwa Orrin Haddix, na kuifanya makumbusho ya Ndoto ya Amerika.'"

Wendell Stroup, ambaye pale mezani wanamwita Msumari kwa sababu alikuwa seremala miaka arobaini, aliweka kikombe chini. Namba tisa Barabara ya Elm ni kwake. Amelala humo jana na juzi, na miaka thelathini na minane kabla ya hapo.

"Huyo Haddix alizaliwaje," akauliza, "wakati mtu mwenyewe ni wa kwenye kitabu?"

Wenzake walimtazama kama mtu aliyeingia kanisani na baiskeli. Corliss nzima inajua kwamba Haddix ni wa kwenye kitabu, ila si jambo la kulisema mbele za watu. Mwalimu mmoja wa pale alimtunga zamani, enzi za magari ya farasi: mtoto wa mama dobi, akaondoka na jozi moja ya viatu, akaja kumiliki reli tatu. Tangu hapo mji unaishi kwa jina lake. Shule ni ya Haddix, kinyozi ni wa Haddix, hata mtambo wa maji machafu una jina lake. Ukiingia mjini unakutana na bango: KWAO ORRIN HADDIX. HAKUOMBA MTU KITU.

Meza yenyewe iko dirishani, na juu yake Lunde ametundika kibao kilichoandikwa Meza ya Waongo. Wanachama wanakionea fahari, na kila mmoja ana kikombe chake ukutani, kwenye msumari wenye jina lake.

"Kitabu kinasema namba tisa, Elm," alisema Hakimu. Huyu aliwahi kukaa mahakamani wiki tatu kama mzee wa baraza, jina likamganda, na siku hizi ni mjumbe wa halmashauri. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa tai. "Sasa sisi tufanyeje, Msumari? Namba tisa ni kwako."

"Nyumba yangu imejengwa baada ya Vita vya Pili. Kitabu ni babu yake."

"Kamati imeliona hilo. Wataizeesha."

"Wataizeeshaje?"

"Choo cha ndani kinang'olewa. Umeme unakatwa. Kuta zinapakwa masizi. Kuna mtaalamu ametoka jijini Columbus, kazi yake ni umaskini wa zamani."

"Mtaalamu wa umaskini," Boti akasema. "Ana gari?"

"Zuri sana."

Boti ni yule mwenye kofia ya nahodha. Ana mashua imepaki uani kwake mwaka wa ishirini huu, na maji ya karibu ni mwendo wa saa mbili. Aliagiza mkate wa mdalasini wa pili ili asikilize vizuri.

"Na kibaraza?" Msumari akauliza.

"Kile kisiguswe kabisa. Mtaalamu alipokiona alivua kofia."

"Hakimu, sikiliza. Mkaguzi wenu wa majengo ameniandikia barua nne. Anasema mbao zimeoza, ngazi zitaua mtu, nitengeneze au wabomoe. Barua nne. Leo mnasema kisiguswe?"

Hakimu alikoroga kahawa ambayo haina sukari. "Kikiwa chako ni uchafu, mzee. Kikiwa cha Haddix ni urithi. Sheria sikuitunga mimi."

"Lakini kwa haki," Dekani akaingilia, akikunja gazeti, "kwa nini hukukitengeneza siku zote hizo? Haddix alimjengea mama yake kibaraza kwa siku moja, peke yake, ana miaka kumi na miwili. Wewe fundi mzima umekaa miaka mitatu unakiangalia."

Msumari alihisi masikio yanapata moto. Alikuwa amejaribu. Masika iliyopita aliinua ubao wa kwanza kwa kamba, bega lake la kulia likagoma, ubao ukamporomokea, akakaa kwenye nyasi mpaka kizunguzungu kikaisha. Kisha akaja hapa mezani akasema alichelewa kwa sababu ya simu ya binti yake. Angeweza kumwambia yeyote kati ya hawa watatu. Lakini alikuwa amepita chini ya lile bango tangu anapelekwa shule ya vidudu, na lile neno, hakuomba mtu kitu, lilikuwa limeshamwingia kwenye mifupa.

"Nilikuwa na shughuli," alisema.

"Wote tuna shughuli. Mimi nimefika hapa nilipo bila msaada wa mtu."

"Dekani," Boti akasema, "shamba si ulirithi kwa baba yako?"

"Nililipokea."

"Na kila masika serikali si inakupa hela usilime lile eneo la chini?"

"Ile si msaada. Ile ni sera."

Yesenia alikuja na birika la kahawa. Yeye ndiye anayewahudumia, anatoka Guatemala, na miezi hii anajiandaa kwa mtihani wa uraia, ndiyo maana mfuko wa aproni yake huwa na kitabu. Alimjazia Msumari kikombe mpaka ukingoni.

"Wanachukua nyumba gani, mzee?"

"Yangu. Wanasema ndiyo ya Haddix."

"Ya Haddix? Si iliungua?"

Boti aliacha kutafuna.

"Iliungua lini?" Hakimu akauliza.

"Sura ya sita." Yesenia alitoa kitabu kwenye aproni. Kilikuwa chenyewe, kinene, cha maktaba, kimejaa vikaratasi vya rangi. "Bibi wa maktaba alinipa, akasema nikitaka kuielewa nchi hii nianze na hiki. Orrin anaondoka usiku, anasahau taa juu ya nguo alizofua mama yake. Nyumba inateketea yote, kinabaki kisima. Mama anahamia kwa dada yake, anafua miaka tisa mingine, na kila mwezi anamtumia Orrin hela ya kula Chicago."

"Hela ya kula?" Dekani alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hiyo aliyonunulia hisa za kwanza za reli. Kwani ninyi hamkukisoma?"

"Mimi nilikuwa Haddix," Boti akasema. "Shuleni, miaka mitatu mfululizo. Mchezo unaishia nimesimama kibarazani napunga mkono."

"Na sehemu iliyobaki?"

"Watu huwa wameshaenda kula."

Wote wakamgeukia Dekani.

"Mimi nilikisoma," alisema Dekani.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka niliporidhika."

Msumari hakucheka. Alikuwa anamtazama Hakimu, na Hakimu alikuwa anatazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa saa nne kasoro robo.

"Kama iliungua," Msumari akasema taratibu, "basi ninayokaa mimi siyo."

"Inaonekana siyo."

"Basi hamwezi kuichukua."

"Njoo ukaseme mwenyewe. Kila mkazi anapewa dakika tatu kwenye kipaza sauti."

"Nikasimame pale nikaombe nyumba yangu?"

"Si kuomba. Ni kueleza."

"Nitasimama, nitavua kofia, nitasema tafadhali. Hiyo inaitwaje kwenu?"

Hakimu alishusha pumzi, akachukua kitabu mkononi mwa Yesenia, akakiweka kwapani. "Nitawaonyesha ukurasa. Sijakuahidi kitu," alisema, akatoka.

Walikaa. Mayai ya Msumari yalipoa na hakuyagusa. Aliwaza jiko lake, alipopima urefu wa binti yake kwa penseli kwenye fremu ya mlango mpaka binti akamzidi mama yake, na akawaza mtu wa Columbus akija pale na kopo la masizi. Aliogopa, na hakuona haya kwamba anaogopa. Alichoona haya ni kwamba wenzake wanaona.

"Ulikisoma chote kile?" Boti akamuuliza Yesenia, ili mtu aseme kitu.

"Chote. Kila ukurasa nilikuwa nauliza, huyu mtoto anayepanda maishani kila siku, nani anamfulia shati?"

"Kwenye mchezo lilikuwa safi tu."

"Kwenye mchezo alilifua nani?"

Boti alifikiri. "Mama yangu," alisema.

Hakimu alirudi kabla ya saa tano, akakaa kabla hajavua koti.

"Umepona, Msumari. Nimewasomea sura ya sita neno kwa neno. Mwenyekiti alilia kidogo. Nyumba si ya Haddix, na mtaalamu amerudi Columbus. Sasa wanatafuta kisima."

Boti alipiga meza kwa kiganja. Dekani akasema Mungu asifiwe, kwa kujizuia. Msumari aliinua uma, halafu akauacha, maana uso wa Hakimu haukuwa wa mtu aliyeleta habari njema.

"Sema na iliyobaki."

"Mkaguzi wa majengo alikuwa amekaa nyuma. Akasimama, akasema sawa, kama kile kibaraza si urithi, basi barua yake ya nne bado iko hai. Una siku kumi na nne. Zikipita, nyumba inaandikwa kwamba haifai kukaliwa na mtu, na unatoka."

"Kibaraza kile kile."

"Mbao zile zile. Waliipigia kura; mimi nilipiga ya hapana, nikawa peke yangu." Hakimu aliona aibu, ikamfika mpaka shingoni. "Samahani, mzee mwenzangu."

"Siku kumi na nne ni nyingi," Dekani akasema, na kwa kweli alikuwa anajaribu kumtia moyo. "Haddix alitumia moja. Na alikuwa peke yake."

"Muongo," alisema Msumari.

Pale chini ya kile kibao hilo si neno la kushtua, lakini alilisema kwa namna iliyowafanya waweke vikombe chini.

"Ubao wa kibaraza una futi kumi na sita," aliendelea. "Ukiuinua upande huu uupige msumari, upande ule unaanguka. Hakuna namna. Nimejenga vibaraza miaka arobaini, nusu ya mtaa wenu mnakaa kwenye vibaraza vyangu, na sijajenga hata kimoja peke yangu. Sasa mtoto wa miaka kumi na miwili, nani alimshikia upande wa pili?"

Wakamtazama Yesenia. Alichukua kitabu chake kwa Hakimu, akapekua mpaka kwenye kikaratasi cha kijani.

"Mama yake," alisema. "Ukurasa wa thelathini na moja. Ameshika ubao kutwa nzima, vibanio vya nguo viko mdomoni."

"Kwenye mchezo hakuna mama," Dekani alisema.

"Hatukupata wa kumwigiza," alisema Boti.

Msumari alikizungusha kikombe chake. Alikizungusha tena. Bega lilikuwa linamuuma, na maneno aliyotaka kuyasema hajawahi kuyasema ndani ya mipaka ya mji ule, wala marehemu mke wake hakuwahi kuyasikia.

"Bega langu limekufa," alisema, akikiambia kikombe. "Tangu masika. Nahitaji mtu wa kushika upande wa pili."

Nje lori la mahindi lilipita, vioo vikatetemeka.

"Saa ngapi?" Boti akauliza.

"Hata sasa."

Hakimu alikuwa anafungua tai. Boti aliimalizia kahawa yake kwa mkupuo mmoja, akaifunga nusu ya mkate wa mdalasini kwenye karatasi. Dekani alibaki amekaa, anakunja lile gazeti mara mbili, mara tatu, mpaka likakataa kukunjika zaidi.

"Nina mbao ghalani," alisema mwishowe. "Kavu, nzuri. Aliniachia baba."

"Tunajua," alisema Boti.

Waliinuka, kila mmoja akatundika kikombe chake mahali pake. Mlangoni Dekani alimshika Msumari mkono, akainamisha kichwa karibu.

"Mtu akiuliza, tuseme tulikuwa tunapita tu. Isije ikasikika mjini kwamba umeomba."

"Nimeomba," alisema Msumari, akavaa kofia, akatangulia kwenda kuwaonyesha pa kushika.