Leso Juu ya Pichi ya Tano

Jumatatu, 2 Februari

Amida,

Tumeingia nusu fainali ya ligi ya kriketi! Nyuki wa Ruiru, wa nne kati ya timu sita, tena kwa tundu la sindano. Jumamosi tunacheza na Nanasi wa Thika, hapa hapa kwetu.

Ningefurahi zaidi kama Madam Wangeci asingekuja. Alifika saa nne kutoka hoteli yake ya Kamakis, ananukia moshi wa nyama choma. Alivua viatu langoni, akavishika mkononi, akavuka uwanja peku. Wewe ndiye uliyemfundisha. Mwenye timu, na bado anaogopa kutoboa nyasi zako.

Akasema mimi ni mtu mzuri. Akianza hivyo, kuna jambo. Mkataba wa kiwanja unaisha mwezi huu. Mwenye shamba anataka kujenga nyumba za kupangisha, ghorofa tano. Tukishinda Jumamosi, wadhamini watabaki na Madam ataweka sahihi ya msimu mwingine. Tukishindwa, timu inahamia Nairobi, matingatinga yanaingia hapa. Nikauliza kama kuna njia ya katikati. Akasema, "Irshad, ngai, katikati ya ghorofa tano ni ghorofa ya tatu."

Unakumbuka magunia manne ya ukoka kutoka Kalimoni? Mimi na wewe tumepiga magoti, wewe ukichimba vishimo kwa kijiko cha supu, mimi nikishindilia kwa kidole gumba. Siku kumi na moja. Kijiko kilipinda. Bado ninacho. Asubuhi hukichomeka ardhini kupima unyevu wa pichi, kile kipande cha katikati ambapo mpira hudunda. Wenzangu wana mashine.

Haiwezekani kupangisha watu juu ya kazi ya magoti yako.

Nina mpango.

Jumanne, 3 Februari

Mpango ni huu. Sitaki hata ukuta usikie, kwa hiyo naandika.

Kiwanja kina pichi tano sambamba. Huchezewa moja tu, na ninayeitayarisha ni mimi. Nguvu yetu ni warushaji watatu wanaouzungusha mpira. Wanataka pichi kavu, yenye nyufa. Nguvu ya Thika ni warushaji wa kasi. Wanataka mbichi, yenye nyasi. Thika wakijua tutacheza kwenye kavu, watawaleta wazungushaji wao wawili ambao huwaacha benchi.

Na watajuaje? Okello!

Okello alikuwa msaidizi wangu hapa miaka minne. Nilimfundisha kumwagilia, kuviringisha rola, kusoma mawingu. Akachukua yote akaenda kutunza kiwanja cha Thika. Akachukua pia reki yangu ya meno kumi na manne. Kila mara kabla ya mechi yeye hupita "kunisalimia tu".

Basi namwandalia salamu. Pichi ya tatu, ya katikati kabisa: maji asubuhi na jioni, nyasi kijani, turubai jipya, na mimi kando kwenye kiti kama mlinzi wa benki. Pichi ya tano, ya pembeni: hakuna tone. Ipasuke. Naipuuza hadharani. Nimemwomba Safaa, dada yako, aanike leso zake juu yake, ionekane imetupwa.

Safaa akauliza kwa nini. Nikasema jua la pale ni zuri. Akanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama wewe. Akasema, "Shemeji, jua ni moja Ruiru nzima." Lakini amezianika. Leso nne. Ile ya bluu ilikuwa yako.

Jumatano, 4 Februari

Okello amepita! Saa tano, na kilo ya mapapai. Nilijifanya nimeshtuka, nikavuta turubai haraka, lakini polepole kidogo ili aone kijani. Akasema, "Mzee, hiyo imekubali maji." Nikasema ni umande. Umande saa tano! Nilijisifu moyoni kwa kudanganya vibaya kwa makusudi.

Alizungukazunguka. Alizitazama leso. Akauliza kama siku hizi nafua nguo za watu. Tukacheka. Nikamuuliza habari ya reki yangu. Akasema ile ni yake, yangu ilikuwa na meno kumi na matatu. Nikaacha kucheka.

Papai lilikuwa tamu, hilo nakubali.

Alhamisi, 5 Februari

Siku mbaya. Khisa, nahodha wetu, yule ambaye Madam alimpigania kwenye mnada wa wachezaji, amekuja mazoezini akaiona pichi ya tatu. Alipiga magoti akaigusa. Kiganja kikatoka na maji. Akauliza kama kuna mtu wa Thika anayenilipa.

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulifika kwenye meno. Lakini Khisa hawezi kuficha kitu, uso wake ni kama ubao wa matokeo. Nikamwambia aniamini. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Amerudi kwenye gari bila kuaga. Baadaye Safaa aliniambia alimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba mzee amechanganyikiwa tangu mkewe afariki, na hakuna mwenye roho ya kumwondoa.

Sikula chakula cha mchana. Nilikaa kwenye kona yako, pale ulipokuwa unakaa na chupa ya chai ya tangawizi ukihesabu ova, kila mipira sita punje moja ya mahindi. Mwasumini uliouacha pale umetoa maua. Nilipoukuta baada ya mazishi, mdogo, majani sita, niliuwekea uzio wa vijiti. Msimu ulipoanza niliiingiza kamba ya mpaka hatua nane upande ule, wachezaji wasije wakaukanyaga wakikimbiza mpira. Hakuna aliyeuliza.

Pichi ya tano imepasuka vizuri sana. Kijiko hakiingii hata ncha.

Ijumaa, 6 Februari

Soma polepole.

Kutoka msikitini nilikimbia moja kwa moja kiwanjani. Saa kumi ligi humtuma refa aikague pichi na kuiidhinisha. Akishaidhinisha, hakuna kubadilisha. Alikuja kijana mtulivu, na futi ndefu ya kupimia. Nikatoa leso mbele yake kama mtu anayefunua sanamu. Nikasema, ndiyo hii.

Akapima. Akapima tena. Kutoka pichi ya tano hadi kamba ya upande wako ni mita hamsini na moja. Sheria ya ligi ni hamsini na tano. Fupi mno, akasema. Hata mpigaji dhaifu atauvusha mpira juu ya kamba, apate mbio sita za bure.

Kisha akaenda pichi ya tatu, akainua turubai, akasema tangu msimu uanze hajaona kazi nzuri kama ile. Mtachezea hapa, akasema. Akatoa kalamu.

Amida! Pichi niliyowapikia Thika kwa mikono yangu mwenyewe! Mbichi kama mboga! Nikamsihi. Akasema hana ugomvi na mimi: kamba ikirudi ilipokuwa zamani, pichi ya tano inafaa. Ana nafasi hadi saa kumi na moja na nusu. Lakini ndani ya kamba hapawezi kuwa na kichaka, mchezaji atavunjika mguu.

Kichaka. Aliuita kichaka.

Nilikaa chini kando ya mwasumini. Saa kumi na robo. Na nusu. Ningeung'oa, ningekuwa nimekung'oa wewe. Ningeuacha, wangeng'oa nyasi zako zote. Refa alikuwa akiangalia saa, halafu akiangalia viatu vyake. Khisa alikuwa amefika, amesimama mbali, mikono kichwani. Sasa alikuwa ameelewa mpango, na ameelewa pia kwamba umekufa.

Safaa alikuja kuchukua leso zake. Akauliza mbona nalia mbele ya mgeni. Nikamwambia siwezi kuung'oa mti uliopandwa na Amida.

Akasema, "Nani amekuambia ni Amida? Huo niliupanda mimi. Siku ya arobaini. Nilibeba maji mwenyewe kutoka bombani, wewe ulikuwa ndani na wageni. Amida na asumini? Shemeji! Angepiga chafya mpaka ova ya ishirini!"

Nikakumbuka. Harusi ya binamu yako, wamekuvika kikuba cha asumini shingoni, umepiga chafya tisa mfululizo, umenipa kikuba nikivae mimi. Nilikivaa mpaka nyumbani. Miaka ishirini na sita, Amida, na nilikuwa nimesahau chafya yako.

Nilichimba kwa kijiko. Safaa alichimba kwa mikono. Khisa, bila kuitwa, alikuja na ndoo, tukauhamishia humo. Saa kumi na moja na dakika ishirini kamba ilikuwa imerudi nyuma hatua nane. Refa akapima: hamsini na saba. Akaweka sahihi. Pichi ya tano!

Khisa alinishika bega. Akasema mara nyingine nimwambie tu. Nikamwahidi. Vidole vilikuwa vimepishana mgongoni, ili ahadi isihesabike.

Jumamosi, 7 Februari

Thika wameshuka kwenye basi lao. Nikahesabu. Wazungushaji wote wawili wamo!

Tulipiga sisi kwanza. Mbio 131. Si nyingi, si chache. Wazungushaji wa Thika walitusumbua sana kwenye nyufa nilizozilea mwenyewe.

Wakati wa chai nilimkuta Okello nyuma ya hema, anakula sambusa za Safaa. Nikamuuliza alijuaje. Alicheka hadi akapaliwa. Akasema, "Mzee, wewe hufukuza hata kunguru kwenye pichi. Leo umeruhusu leso? Leso nne, tena mbichi? Nilijua kabla sijashuka kwenye pikipiki."

Nikamwambia hajui kitu.

Kisha Thika wakapiga. Sikuweza kukaa. Nilitembea kando ya kamba kama mtu anayesubiri nje ya wadi. Ova ya kumi, mbio zao sawa na zetu za ova ile. Ova ya kumi na tano, wako mbele ya tulipokuwa sisi. Wetu watatu wakaanza kuuzungusha mpira, vijiti vikaanguka, wapigaji wao wawili wakatolewa kwa mkupuo. Madam Wangeci alikuwa peku kwenye viti vya wageni, viatu mapajani, anavifinya.

Ova ya ishirini, ya mwisho. Mpira wa mwisho. Thika 128. Wanahitaji nne.

Lile jitu lao alizungusha gongo kwa nguvu zote. Mpira ukapanda. Niliufuata kwa macho. Ulikuwa ukienda kwenye kona yako. Juu, juu, halafu ukaanza kushuka. Ulivuka pale kamba ilipokuwa wiki yote. Kamba ingebaki pale, zingekuwa mbio sita. Wiki yote ingekuwa sita!

Khisa alikuwa anakimbia kinyumenyume. Hakutazama chini hata mara moja. Aliweka mguu pale pale mwasumini ulipokuwa, kwenye udongo laini tulioushindilia jana kwa kidole gumba. Mguu ulishika. Akaruka. Akaudaka mpira kwa mkono mmoja kabla haujagusa chini, akaanguka ndani, hatua mbili tu kutoka kwenye kamba: mpigaji nje, mbio hakuna.

Sikusikia kelele. Nilisikia Safaa akinipiga mgongoni na leso ya bluu akisema nipumue, nipumue.

Tumeshinda kwa mbio tatu.

Jumapili, 8 Februari

Madam ametia sahihi. Msimu mmoja. Alikuja na karatasi akanionyesha mimi kwanza, kisha akaniuliza kama ni kweli niliiingiza kamba bila ruhusa ya mtu yeyote. Nikasema ulikuwa mkakati. Akasema, "Irshad, wewe ni mtu mzuri," akaishia hapo. Nimekuwa nikisubiri sehemu ya pili tangu asubuhi.

Nyasi zako zipo. Nimezimwagilia zote, hata pichi ya tano. Hasa ya tano. Ilikunywa kama ng'ombe.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekaa nikafikiria kwa utulivu ni nini hasa kilichotupa ushindi. Khisa anasema ni kamba. Safaa anasema ni Mungu na yeye. Wote wanakosea. Ni leso, ila zilikuwa na kasoro. Okello alizigundua kwa sababu zilikuwa nne tu na zilikuwa mbichi. Zikiwa saba, kavu, na shati moja la mtoto, hagundui mtu.

Fainali ni Jumamosi, kwenye kiwanja cha Thika, ligi ilishapanga hivyo tangu mwanzo wa msimu. Pichi itakuwa ya Okello. Kesho nitapita kumsalimia tu, na kilo ya mapapai. Nitatazama anaanika nini, na wapi. Nikitoka, nitatoka na reki. Nimeshapima: kwenye gunia la papai inaingia yote isipokuwa mpini. Khisa sijamwambia.

Jambo lingine, usikasirike. Ndoo ni ndogo na mwasumini umeanza kukunja majani. Kwetu hakuna mechi tena hadi msimu ujao. Nimeurudisha pale pale kwenye kona yako, na kamba nimeiingiza hatua nane, kwa muda tu. Najua si wewe uliyeupanda. Lakini nimeuzoea kukaa nao, na chai nimeleta.

Ukipiga chafya huko uliko, ujue ni mimi na asumini. Nikumbuke.