Mkwe Aje Anikute Nimetulia

Jumatatu, 2 Agosti 1937

Siku ya nne mke wangu Mwaija yuko kwao Mlingotini. Kisa? Sufuria ya mchuzi wa papa, nimeimwaga uani. Moja tu. Na pilipili ilizidi kweli.

Baba yake, Mzee Ausi, kaleta salamu kwa mjumbe. Atakuja Jumapili kunitazama. Akinikuta nimetulia, mke wangu anarudi. Akinikuta na hasira zangu, niandike talaka. Hasira gani? Nimemwambia mjumbe mimi sina hasira. Akaondoka mbio, sijui kwa nini.

Nina hamu na Mwaija. Talaka siandiki.

Mwalimu nimempata: Vinod, mwenye duka la nguo ninaloshonea barazani. Kila asubuhi kabla ya kufungua hukaa chini, miguu kaikunja, macho kafumba, kimya. Miaka sita sijamwona kukasirika, hata na wanaopapasa kanga zote wakaondoka mikono mitupu. Nimemwomba anifunze. Kasema huchukua miaka. Nimemwambia nina mpaka Jumapili.

Jumanne, 3 Agosti

Somo la kwanza. Kaa, fumba macho, fuata pumzi. Wazo likija, liache lipite.

Likaja: Kitwana, fundi mwenzangu na jirani yangu, anatumia mkasi wangu. Sikuliacha lipite. Nikafumbua jicho moja, na kweli anao! Tumegombana mpaka adhuhuri. Vinod kasema tutaanza upya kesho. Kwa utulivu gani, na Kitwana yupo hapo?

Alhamisi, 5 Agosti

Kitwana anawatangazia wateja kuwa nimepandwa na pepo. Mwanabaraka, fundi wa pepo, kanijia na chetezo cha ubani mpaka kwenye cherehani. Akauliza pepo wangu anataka nini. Nikamjibu anataka kuachwa peke yake. Akafikiri sana, akasema wa namna hiyo hajapata kumtoa, pengine ni wa bara.

Nguo ya mteja imenuka ubani. Mteja kaipenda.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimefika pumzi ya arubaini! Baadaye Vinod akaniamsha. Kasema kulala ni kulala. Mimi nasema ni daraja la juu.

Nimepata shauri. Mzee Ausi asisikie kwamba nimetulia, aone kwa macho yake. Atanikuta barazani kwangu nimo ndani ya utulivu wenyewe. Vinod kasema hili si jambo la kuonyesha watu. Wivu huo. Mwanafunzi wa siku nne kamkaribia.

Jumapili, 8 Agosti

Nimekaa tangu asubuhi. Nimeapa hakitanitikisa kitu. Nzi katua puani, nikamwacha. Kitwana kapita akikohoa makusudi, nikamwacha pia. Hapo nikajiona nimeiva.

Ikasikika fimbo ya Mzee Ausi. Akatoa salamu. Ulimi uliniwasha, nikaushika. Akatoa mara ya pili. Nikafuata pumzi. Mara ya tatu akaitoa kwa sauti ya kutetemeka, nami nikajisemea mtihani ndio huu. Kisha nikamsikia Mwaija. Kumbe kaja naye! Akaniuliza, hata yeye simjibu? Sikufumbua macho. Sijapata kukaa vizuri vile.

Nilipofumbua, baraza tupu.

Kitwana aliona yote. Anasema Mwaija alikuja na mkeka wake na bweta lake la nguo, tayari kurudi. Anasema Mzee aliondoka akilia. Eti mkwe mwenye hasira Mzee amewahi kumwona, lakini mkwe aliyenuna mpaka akaacha kuitikia salamu ya Mungu, huyo hajamwona Bagamoyo nzima. Mimi nimenuna! Mimi!

Jumatatu, 9 Agosti

Mjumbe karudi, safari hii kasimama mbali. Talaka inatakiwa kabla ya Ijumaa.

Nimemweleza Vinod. Kasema niende leo hii, nimwamkie mzee, nimshike miguu, nimwombe radhi yeye na mke wangu. Mwalimu gani huyu? Wiki nzima ananifunza kunyamaza, leo ananituma nikaseme. Nimemwambia masomo yake yamekwisha, na Kitwana arudishe mkasi.

Kosa langu nimeligundua. Nilikaa muda mfupi, hawakupata kunitazama vizuri.

Kesho alfajiri nakwenda Mlingotini. Nitakaa mlangoni kwa Mzee Ausi, macho nimefumba, mpaka wakiri wenyewe kwamba nimetulia. Waje na kadhi wakitaka. Hata Mwaija mwenyewe akitoka akanishika mkono, akaniambia mume wangu twende nyumbani, simjibu.