Kofia ya Kuoteshea Nyanya

Jumatatu, 10 Machi

Naomba radhi kwa mwandiko, meza inayumba. Leo nimefungua kopo la chai ambamo marehemu mke wangu alihifadhi mbegu za nyanya zake, zile tamu ambazo hakuna duka linaloziuza. Imebaki bahasha moja. Mwaka jana niliotesha nyingine siku yangu ya kuzaliwa, kwa kuwa ndiyo tarehe niliyoikumbuka. Nilivuna nyanya moja, ukubwa wa kifungo cha shati. Hizi zikiharibika, nyanya za mke wangu zimekwisha duniani.

Juu ya bahasha ameandika kwa hati yake nzuri: "Zioteshwe wakati ule ule wa kila mwaka."

Wakati gani, mama watoto? Miaka thelathini na minane nilizila bila kuuliza. Aibu!

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa muuza mbegu. Akanieleza kwamba nyanya huchukia mvua kubwa: mbegu zioteshwe kitaluni mvua zikielekea mwisho, ili miche ihamishwe jua likitoka. Nikauliza zitaelekea mwisho lini, ilhali hazijaanza. Akanitazama kwa huruma. Akasema mzee wangu, hapo umenishinda, si umuulize jirani anayelima?

Jirani anayelima ni mmoja tu: mkunga mstaafu, ng'ambo ya ua. Haiwezekani. Baada ya mazishi, mwaka juzi, alijitolea kunisaidia bustani, nami nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba mambo ya nyanya nayafahamu kikamilifu. Mtu aliyelelewa na wamisionari hawezi kwenda kukiri uongo mbele ya bibi wa watu. Nitampeleleza. Akiotesha, nami nitaotesha.

Alhamisi, 13 Machi

Dirisha la bafuni linatazama bustani yake. Nimesimama juu ya ndoo saa mbili nzima. Hajaotesha chochote! Alikaa kibarazani akifuma sweta, akitupia jicho upande wangu kila mara. Mwanamke mwenye shaka.

Ndoo ikapinduka. Kishindo kikubwa. Akaita: shemeji, kuna usalama huko? Nikajibu kwamba ninaoga. Akasema mbona maji yamekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Nikasema najua, ahsante sana.

Goti limevimba.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata mpango. Bibi huyu hapendi kuachwa nyuma, tena ni mtaalamu. Akiniona naotesha atafanya moja kati ya mawili. Akicheka, wakati bado. Akiotesha, wakati umefika. Werevu ulioje!

Kwa hiyo nimeotesha majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Nimeyafukia kwa mistari, nimeyamwagilia, nimeyawekea vijiti. Jua lilikuwa kali, nikavaa kofia pana ya ukindu ya marehemu, ile yenye utepe mwekundu. Anisamehe.

Jumamosi, 15 Machi

Ameotesha! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kitalu kizima, bila kusita. Mtaalamu ameamua! Nikakimbia hivyo hivyo na goti lililovimba, nikaotesha bahasha nzima juu ya majani ya chai. Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Samahani, si mvua: gharika. Miche ilikuwa imefikia urefu wa kidole. Sasa imelala matopeni, shingo laini kama uzi. Nimeikinga kwa mwavuli, kisha kwa koti langu la ibada. Bure.

Ng'ambo ya ua, jirani naye akipigana na turubai. Akapaza sauti: shemeji, umetuponza! Nikasema la hasha, mimi ndiye niliyemfuata yeye. Akasema yeye hakunifuata mimi, aliifuata kofia. Miaka yote alingoja utepe mwekundu utokeze bustanini, naye huotesha kesho yake. Mwaka jana hakuuona, hakuotesha. Mwaka huu alikuwa akichungulia kutoka kibarazani siku baada ya siku.

Tukatazamana. Wataalamu wawili, maji vifundoni. Nikaungama habari za majani ya chai. Nikaomba radhi mara tatu. Nikamwambia pia kwamba bahasha ile ya marehemu ilikuwa ya mwisho.

Akakunja turubai lake, akaingia ndani.

Ijumaa, 28 Machi

Hodi asubuhi. Jirani, na bahasha mkononi. Hati ya mke wangu! Kumbe marehemu alikuwa akimgawia mbegu kila mwaka. Zilizooza kwake ni zile zile, ila alibakiza nusu. Akasema kofia aliiamini, ila ile miguu iliyokuwa chini yake haikumtuliza moyo.

Amenigawia fungu langu. Nimeahidi, mkono kifuani, kwamba mvua zikipungua nitabisha hodi kwake, nitauliza waziwazi, na tutaamua pamoja. Tumekunywa chai. Hakuna aliyetaja ndoo.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua zimepungua, au zinajifanya. Leo ndiyo siku ya kuuliza. Nimevaa tai. Nimefika mlangoni kwake, nimeinua mkono nibishe. Kisha nikatafakari: saa tatu asubuhi, na swali lenyewe dogo namna hii. Si adabu kumsumbua.

Nimerudi. Nimeirudisha ndoo chini ya dirisha, safari hii juu ya mkeka isiteleze. Hajaotesha. Hata hivyo, pazia la bafuni kwake limetikisika mara mbili.

Asipoanza ifikapo Alhamisi, nitatoa kofia. Majani ya chai ninayo. Nimekuwa nikiyahifadhi tangu Aprili.